VITA VYA MKRISTO: ADUI NI NANI, NA SALA YAFANYA KAZI GANI?



Jioni hii napenda kuzungumza nanyi habari za vita. Si vita vya bunduki na mizinga, bali vile ambavyo Wakristo huviita vita vya rohoni. Neno hili lasikika sana makanisani, na wako wengi walitamkao pasipo kujiuliza maana yake. Tena ni neno la hatari. Mtu akiambiwa kwamba yumo vitani, swali lake la kwanza litakuwa hili: "Adui yangu ni nani?" Akijibiwa vibaya, aweza kumpiga asiyestahili kupigwa. Kwa hiyo nataka tuchunguze mambo mawili, moja baada ya jingine: kwanza, adui ni nani katika vita hivi, pili, sala yafanya kazi gani ndani yake. Wasikilizaji wasio Wakristo nao nawakaribisha, maana hasira na kisasi havichagui dini.

Mafundisho makubwa ya Wakristo juu ya jambo hili yamo katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, ambayo ndiyo ya mwisho. Efeso ulikuwa mji mkubwa wa bandari katika Asia Ndogo, na magofu yake yaonekana hata leo katika nchi ya Uturuki. Hapo palikuwa na hekalu la mungu wa kike Artemi, lililohesabiwa katika maajabu 7 ya ulimwengu wa kale. Lakini mji huo ulikuwa na sifa nyingine pia, nayo ni uganga. Watu wa zamani waliyajua sana yale yaliyoitwa "maneno ya Efeso". Yalikuwa maneno 6 ambayo maana yake haikueleweka, nao waliyatamka au kuyaandika na kuyavaa mwilini kama hirizi, ili wajikinge na mabaya.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, chatueleza kwamba Paulo alifundisha huko miaka 2 katika darasa la Tirano. Watu wengi waliokuwa wakishika mambo ya uganga walileta vitabu vyao, wakavichoma moto mbele ya watu wote. Thamani yake ilipohesabiwa, ikawa vipande vya fedha 50,000. Ikiwa kipande kimoja kilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama wadhanivyo wataalamu, basi kibarua angalifanya kazi zaidi ya miaka 130, pasipo kupumzika hata siku moja, ndipo apate fedha hizo. Hivi ndivyo watu wa mji ule walivyokubali kutumia mali kwa sababu ya hofu.

Sura hiyo hiyo yasimulia kisa cha wana 7 wa Skewa. Hao walisikia kwamba jina la Yesu lina nguvu, wakalitwaa walitumie kama dawa mpya katika mkoba wa mganga. Wakalitaja jina lile juu ya mtu aliyepagawa, ingawa wao wenyewe hawakuwa na uhusiano wo wote na mwenye jina. Yule mtu akawarukia, akawashinda wote, wakakimbia uchi, wamejeruhiwa. Kisa hiki chatufundisha jambo la kwanza, ya kwamba sala si hirizi. Hirizi haimwulizi mtu habari za mwenendo wake. Mwizi aweza kuivaa sawasawa na mwaminifu. Sala humwuliza mtu habari zake kabla ya kumwuliza habari za adui zake.

Sasa tuutazame waraka wenyewe. Kwa mapokeo ya kanisa, Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mwishoni mwa waraka mwandishi ajiita mjumbe aliye katika minyororo. Hebu fikirini jambo hilo. Mfungwa yule alikuwa na sababu nyingi za kuwataja watu waliomtesa: walioleta mashtaka ya uongo, na maliwali waliochelewesha hukumu yake. Kama angaliulizwa, "Adui yako ni nani?" yatupasa kukiri kwamba asingalikosa majina. Lakini yeye asema waziwazi kwamba mashindano yetu si juu ya wanadamu wenye nyama na damu, bali ni juu ya nguvu za uovu zisizoonekana. Neno alilolitumia katika Kiyunani ni neno la wacheza mieleka. Vita vya mishale hupiganwa kwa mbali, lakini mwenye kucheza mieleka hushikana na mwenzake kifua kwa kifua, akisikia pumzi zake. Adui huyo basi hayuko ng'ambo ya mto. Yu karibu nasi.

Karibu wapi? Waraka wenyewe wajibu katika sura ya 4, na wengi hulipita jibu hilo bila kuliona. Hapo mwandishi aonya juu ya uongo, juu ya wizi, juu ya maneno machafu, na juu ya hasira inayowekwa mpaka jua likatua. Na hapo katikati, penye neno la hasira, ndipo amtajapo Ibilisi: asipewe nafasi. Maana yake ni kwamba hasira iliyolazwa ndani usiku kucha ni mlango ulioachwa wazi. Ibilisi hana haja ya kuvunja ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe amemfungulia.

Waswahili wana methali isemayo, "Kikulacho ki nguoni mwako." Wengi wetu tumezoea kuitumia vibaya. Mtu akipatwa na msiba, mtoto akiugua, au mazao yakiharibika, huishika methali hii na kuanza kuwachunguza jamaa zake: shangazi, mama mkwe, ndugu wa baba. Lakini methali haikusema kwamba kikulacho ki nguoni mwa shangazi yako. Imesema ki nguoni mwako wewe. Mwenye kuumwa na chawa hufua nguo zake mwenyewe. Hachomi nyumba ya jirani.

Haya si maneno ya mchezo, wasikilizaji. Katika nchi ya Wasukuma, huko Tanzania, wako vikongwe wengi waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni walikopikia miaka na miaka. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa dhana ya namna hiyo, na mvi zao, zilizostahili heshima, zimehesabiwa kuwa ushahidi. Na lililo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba wako watu wajiitao waombaji ambao huwaambia wenye huzuni, "Adui yako ni mtu wa nyumbani mwako, ni mwanamke, ni mzee." Wakisha kusema hivyo huenda zao, na kuacha panga zikinolewa. Mtu wa namna hiyo, hata akitaja jina la Yesu mara mia, amerudi kwa wana wa Skewa. Amemgeuza mwanadamu wa nyama na damu kuwa shabaha, jambo ambalo waraka ule umelikataza kabisa.

Basi Mkristo hupigana kwa silaha gani? Mwandishi azitaja 6 kwa mfano wa askari wa Kirumi. Ya kwanza ni kweli, nayo ni kama mshipi ukazao mavazi kiunoni ili mtu asijikwae. Ya pili ni haki, nayo ni kama dirii ikingayo kifua. Ya tatu ni utayari wa kupeleka Injili ya amani, nao ni kama viatu. Viatu vya askari wa Kirumi vilipigwa misumari chini ya soli ili asiteleze. Na tazameni, vitani humu mtu hutembea na habari ya amani miguuni. Ya nne ni imani, nayo ni kama ngao. Neno alilolichagua hapo lilitoka katika neno la Kiyunani la mlango, maana ngao ile ilikuwa kubwa kama mlango, imetengenezwa kwa mbao na kuvikwa ngozi. Ya tano ni wokovu, nao ni kama chapeo ya kichwani. Ya sita ni neno la Mungu, nalo ni kama upanga wa Roho.

Mwalimu akiwapa wanafunzi wake orodha hii, na awaulize maswali matatu. Swali la kwanza: silaha hizi asili yake ni wapi? Mfano ni wa askari, lakini nabii Isaya, miaka mingi kabla ya waraka huu, alikwisha kueleza kwamba Mungu mwenyewe huvaa haki kama dirii na wokovu kama chapeo. Kwa hiyo Mkristo hajitengenezei silaha. Huvaa mavazi ya Bwana wake. Swali la pili: silaha hizi zafanya kazi gani? Zote ila upanga ni za kujikinga, na amri inayorudiwa ni kusimama, wala si kushambulia. Swali la tatu: ameambiwa nani? Hapa Kiswahili chetu chatusaidia kuliko lugha nyingine, maana chaonyesha wazi kama neno ni la mtu mmoja au la wengi. Mwandishi hakusema "vaa" na "simama". Alisema "vaeni" na "simameni". Askari wa Kirumi aliyesimama peke yake na ngao yake angeweza kuzungukwa upesi; waliposimama bega kwa bega, ngao zao ziligusana zikawa ukuta. Mkristo anayejitenga na wenzake na kusema kwamba yeye peke yake ndiye mwenye maono, huyo ameacha safu.

Baada ya silaha hizo 6 ndipo mwandishi ataja sala. Hakuilinganisha na silaha yo yote, na nadhani ni kwa sababu sala ndiyo mazoezi ya askari na pumzi yake pia. Asema watu waombe kila wakati, wakikesha, na wawaombee watakatifu wote. Kisha ajiombea mwenyewe. Mimi na wewe, kama tungalikuwa katika minyororo, tungaliomba nini? Bila shaka tungaliomba minyororo ikatike, au liwali afe. Yeye aliomba apewe ujasiri wa kusema ipasavyo. Hakuna neno la kumlaani mlinzi wake.

Hapa twafikia kazi ya sala katika vita hivi. Sala humzuia mwenye kuomba asigeuke kuwa mfano wa kile anachokipinga. Ushahidi mzuri tunao katika bustani ya Gethsemane. Usiku ule Yesu aliwaambia wanafunzi wake wakeshe na kuomba. Petro akalala usingizi. Maaskari walipofika, ni nani aliyechomoa upanga na kulikata sikio la mtumishi wa kuhani mkuu? Ni Petro yule yule. Aliyelala wakati wa sala ndiye aliyeamka na upanga. Aliyeomba mpaka jasho likamtoka, ndiye aliyesimama kwa utulivu na kuliponya sikio la adui. Hii ndiyo tofauti, na sijui mahali pengine ilipoonyeshwa kwa ufupi kuliko hapo.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya kale, ya Efeso na Yerusalemu. Je, yamewezekana kwetu Afrika ya Mashariki?" Naam, yamewezekana, wala hatuna haja ya kwenda mbali. Katika miaka ya 1930 uamsho mkubwa ulitokea Gahini, katika nchi ya Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu wa uamsho huo Balokole, yaani waliookoka. Desturi yao iliwashangaza wengi: mtu aliyeiba alirudisha alichoiba, aliyemchukia mwenzake alimwendea na kuungama chuki yake. Walianza vita kwa kufua nguo zao wenyewe.

Desturi hiyo ilijaribiwa kwa moto. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari huko Kenya, na nchi ya Wakikuyu ikaingia katika mapigano makali kati ya serikali na watu waliopigania ardhi na uhuru. Wako Wakristo wa uamsho waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Walisema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Basi wakashukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Mtu aweza kubishana nao katika mambo ya siasa, lakini hawezi kusema kwamba hawakujua adui wao ni nani.

Mfano wa pili ni wa Uganda. Janani Luwum na Festo Kivengere walikuwa walimu wa shule kabla ya kuwa maaskofu, na wote wawili waliguswa na uamsho ule. Mwaka 1977 Luwum alikuwa Askofu Mkuu, na nchi ilikuwa chini ya Idi Amin. Watu walikuwa wakichukuliwa na kuuawa. Tarehe 10 Februari maaskofu walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji hayo. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa mjini Kampala, akauawa. Nayo serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Sasa sikilizeni. Kivengere alipokuwa salama, alijikuta na adui mwingine, naye alikuwa amevuka mpaka pamoja naye: uchungu juu ya Amin ulikuwa ukimkausha moyo. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani mjini London, akiyatafakari maneno ya Yesu ya kuwaombea waliomsulibisha, aliona kwamba hana ruhusa ya kuuweka uchungu ule. Akaomba neema ya kusamehe. Kitabu alichokitoa mwaka huo huo kina jina ambalo kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Watu walishangaa. Lakini hakuwa amesema kwamba mauaji ni mema, wala hakuacha kuueleza ulimwengu taabu za Uganda. Alikataa tu kumpa Amin ushindi wa pili. Amin alikuwa amemnyang'anya rafiki na nchi; hakukubali amnyang'anye na moyo.

Nimetaja barua ile ya maaskofu kwa kusudi, maana wako watu wanaodhani kwamba kuwaombea adui ni kunyamaza mbele ya udhalimu. Sivyo. Barua ililinenea kosa kwa jina lake, na mwandishi wake mmoja aliilipia kwa damu. Sala hukufanya uweze kulitaja kosa pasipo kumchukia mkosaji. Tena wako watakaoniuliza habari za Zaburi, maana katika baadhi yake mwenye kuomba huwalaani adui zake kwa maneno makali. Ni kweli. Lakini angalieni: mwenye Zaburi amwambia Mungu hasira yake na kumwachia kisasi. Hasira iliyokwisha kufikishwa mbele za Mungu haina haja ya kupelekwa kwa jirani na panga.

Basi, kwa kumaliza, yafaa niseme machache ya matumizi. Kwanza, usiku kabla ya kulala, mtu na ajiulize: leo jua limetua juu ya hasira gani? Aitaje kwa jina. Pili, amtaje mbele za Mungu mtu aliyemkosea, amtakie mema hata kama maneno yatoka kwa shida. Si rahisi kuendelea kumchukia mtu umwombeaye kila siku. Tatu, aombe pamoja na wenzake wanaoweza kumwambia kweli, wala si wale wanaomsifu tu. Nne, asingoje mpaka msiba ufike. Wazee walisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka," na neno la Mungu lililofungiwa sandukuni ni fimbo ya mbali. Tano, mtoto akishikwa na homa, aombewe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maana malaria huletwa na vijidudu vienezwavyo na mbu, na kifafa ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake. Kumtafuta mchawi wakati mtoto akizidiwa ni kumsaidia adui.

Na mtu akija nyumbani mwako, akanena kwa sauti kuu kwamba ameonyeshwa adui yako, naye ni mama mzee akaaye nyumba ya tatu, mjibu kwa adabu kwamba umekwisha kufundishwa jina la adui, nalo si jina la mama yule. Kisha chukua unga kidogo, au kuni, umpelekee mama huyo, umjulie hali. Hapo utakuwa umevaa vile viatu vya amani, na vita vya siku hiyo utakuwa umevishinda.